Hamira, mabonge ya protini na ile rangi ya kijani

Hamira hii hii ya mandazi, Saccharomyces cerevisiae, ndo nnayoipenda kuliko kiumbe chochote cha maabara. Jenomu yake ilishasomwa yote tangu 1996, ina jeni kama 6,000, ukiilisha vizuri kwenye nyuzi 30 inagawanyika kila dakika 90 hivi, na namna inavyokunja protini zake inafanana sana na sisi, ndo maana wanaotafiti magonjwa ya ubongo ya Parkinson na Huntington wanaanzia huko.

Protini ikichomwa na joto au peroksaidi (kemikali inayooksidisha vitu) inajikunjua, inashikana na wenzake, linakuwa bonge kama ute wa yai uliochemka. Ila hamira ina protini msaidizi inaitwa Hsp104, hiyo inachomoa protini moja moja kutoka kwenye bonge ili zijikunje upya. Sasa ukiiunganisha Hsp104 na GFP, protini inayong'aa kijani, popote penye bonge unaona kidoti cha kijani kwenye hadubini na seli bado iko hai, unahesabu tu asilimia ngapi zina vidoti. Njia nyingine ni kuzipasua seli kwa shanga za kioo halafu sentrifyuji, mabonge yanakaa chini. Hapo fanya haraka na kwenye barafu, maana protini zinaweza kugandana humo humo kwenye tyubu, na uanze na mzunguko wa polepole utoe seli ambazo hazijapasuka, la sivyo nazo zitashuka chini na utaziita mabonge.

Hayo ni mabonge; upande wa kupima oksidesheni, yaani peroksaidi iliyomo ndani ya seli, ndo unaniumiza roho kabisa. Watu wanamwaga ile rangi ya DCF, inayong'aa kijani ikioksidishwa, seli zinawaka kijani, basi wanaandika "peroksaidi imepanda". Jamani, rangi hiyo haigusani na peroksaidi moja kwa moja, inahitaji chuma au vimeng'enya vya peroksidesi, na hata mwanga wa hadubini yenyewe unaiwasha! Mi naamini zaidi roGFP2-Orp1, sensa (kihisi) ya protini mbili zilizounganishwa ndani ya seli: Orp1 inanasa peroksaidi, inaoksidishwa, halafu inaipasia oksidesheni hiyo roGFP2, aina ya GFP inayobadilika ikioksidishwa; unamulika kwa nanomita 405 kisha 488 unachukua uwiano, kwa hiyo seli yenye sensa nyingi na yenye chache unaweza kuzilinganisha. Ila lazima umalizie na DTT, kemikali inayoondoa oksidesheni, ujue chini kabisa ni wapi, na peroksaidi kali ujue juu kabisa ni wapi, bila hivyo uwiano wako hauna kipimo.

Na vipimo hivi viwili, cha mabonge na cha peroksaidi, inabidi viwe kwenye seli moja, maana kuna utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba Tsa1, protini inayopambana na peroksaidi, ndo inayozielekeza Hsp70 (protini msaidizi nyingine) na Hsp104 kwenye mabonge peroksaidi ikiingia. Sasa roGFP ni kijani na Hsp104-GFP ni kijani, zitagongana, kwa hiyo Hsp104 ivalishe mCherry, protini inayong'aa nyekundu. Kama unatumia W303, aina ya hamira ya maabara yenye jeni ya ade2 (ya kutengeneza adenini) iliyokufa, ongeza adenini kwenye chakula, ikipungua vakuoli (vifuko vya ndani ya seli) zinajaa rangi nyekundu inayong'aa yenyewe na utaihesabu kama bonge. Halafu piga picha kila baada ya dakika chache, sio mfululizo, mwanga mwingi nao unaleta oksidesheni, na weka seli zisizopewa peroksaidi chini ya mwanga ule ule, muda ule ule.