Pepa zinahesabiwa, ila nani anazisoma?

Juzi nlikua Mwenge nasubiri gari na dada mmoja nliyesoma naye, sahizi ni mhadhiri msaidizi, akafungua begi akanionyesha fomu yake ya kupanda cheo. Fomu yote jedwali tupu, jina la pepa (makala ya utafiti), jarida, mwaka, alama. Chini kabisa kaorodhesha kijitabu alichoandika kwa Kiswahili baada ya kushinda soko la samaki la Feri miezi minane na akina mama wakaanga samaki, kuhusu moshi na vifua vyao. Pembeni yake pameandikwa sifuri kwa peni nyekundu.

Nikamuuliza, sa waliokipa sifuri walikisoma? Akasema hapana, mafaili ni mengi, wanaangalia jina la jarida wanaweka namba.

Jamani hilo ndo linaniuma. Ile impakti fakta, namba ya jarida wanayoiabudu, ni wastani tu wa mara ngapi pepa za jarida za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa, na mwanzoni ilikua ya kuwasaidia wakutubi kujua wanunue majarida gani, haisemi chochote kuhusu pepa yako wewe. Pepa chache zinanukuliwa sana zinazibeba zingine zote. Na ukishawaambia watu tunahesabu idadi, watahesabu kweli, pepa moja inakatwa vipande vitatu, na wale wa majarida ambayo mwandishi analipia, wanaochapisha chochote ndani ya wiki hawakosi wateja.

Uingereza wanapima tafiti za vyuo kitaifa tangu 1986. Zoezi la 2021 lilihusu vyuo 157 na kazi zaidi ya 185,000, zikagawiwa kwenye paneli 34 za wataalamu wa fani husika, na paneli zilikatazwa kutumia impakti fakta, yaani ubora wa kazi wanauamua wao wenyewe. Machapisho yalibeba asilimia 60, mazingira ya utafiti 15, na 25 nzima ikaenda kwenye kazi imebadilisha nini huko nje kwa watu. Gharama yake sasa, ilikadiriwa pauni milioni 471, hiyo hatuiwezi na wala hatuihitaji.

Mi nasema sisi tuchukue kusoma tu. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, tunayo, nayo sheria iliyoiunda ni ya 1986, na TCU, tume ya vyuo vikuu, ipo. Kila mhadhiri alete kazi mbili anazojivunia, za lugha yoyote, zisomwe na watu wa fani yake kutoka chuo kingine. Halafu aeleze imemsaidia nani. Tafiti za vyandarua za kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara kule Kilombero na Ulanga miaka ya 90 zilichangia mpaka nchi ikaja na hati punguzo 2004, mjamzito akienda kliniki alikua anapewa vocha ya chandarua, dada yangu mkubwa alipata na chandarua kile kililaza watoto wawili. Utakipimaje kitu kama hicho kwa jina la jarida?

Kijitabu nliomba nikaondoka nacho, nimekisoma usiku mpaka mwisho. Kuna mama anaeleza alivyojifunza kusikilizia upepo wa bahari, mchana ukigeuka tu anahamia upande wa pili wa karai, na siku upepo ukitulia anakaanga macho kafumba, anajua samaki kaiva kwa mlio wa mafuta. Chini ya maneno yake kuna mchoro wa dohani ya bati, vipimo vyote vimeandikwa, na bei ya fundi.