Mazishi ya Bibi Aliye Hai

Mwezi wa pili wa mafunzo yangu ya uigizaji, mwalimu alituketisha vitini, macho tumefumba, akamtaka kila mmoja akumbuke msiba wake. "Msiitafute huzuni," alisema, "itafuteni harufu ya chumba."

Zamu yangu ilipofika nilishikwa na aibu, kwa kuwa sikuwa nimewahi kumzika mtu wa karibu, na wenzangu watatu walikwisha kulia kwa haki. Basi nikamzika bibi yangu, ambaye saa ile, kwa jinsi ninavyomjua, alikuwa akigombana na jirani. Nilieleza harufu ya mbao mbichi na ubaridi wa shuka, na katikati ya uongo ule machozi ya kweli yakanitoka. Mwalimu alinisifu mbele ya wote.

Darasa lilipotawanyika nilikiri. Alicheka hata akavua miwani, kisha akanisimulia habari za Studio ya Kwanza, ambayo Stanislavski, mwongozaji wa tamthilia na mwalimu wa uigizaji wa Urusi, aliianzisha Moscow mwaka 1912 na kuikabidhi kwa msaidizi wake Sulerzhitsky, ili vijana wajaribu mbinu ambazo waigizaji wakongwe wa ukumbi wake walizitilia shaka. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja wa studio hiyo, Mikhail Chekhov, aliigiza mazishi ya baba yake hata Stanislavski akamkumbatia, na baadaye ikagundulika kwamba mzee alikuwa hai. Chekhov huyo ndiye aliyekuja kuufanya ubunifu wa akili, badala ya makovu ya mtu binafsi, kuwa msingi wa mafundisho yake.

Nilidhani nimesamehewa. Mwalimu akaniamuru nirudie mazishi yale pale pale, na nilipojaribu, harufu ya mbao haikuja wala chozi halikuja. Nilibaki nikikunja uso kama mtu aliyeuma ndimu. Ndipo akanitupia shuka, akasema: "Likunje. Watoto wanaingia sasa hivi, na hawajaambiwa."

Sikujua kwamba alikuwa akinivusha upande wa pili wa mgogoro mkubwa, ule uliozuka katika Group Theatre, kundi la maigizo la New York, mwaka 1934, mwigizaji wake Stella Adler aliporejea kutoka Paris alikojifunza kwa Stanislavski mwenyewe, akampinga Lee Strasberg, mwongozaji wa kundi hilo, kwa kusisitiza kitendo na mazingira ya mhusika kuliko kumbukumbu za mwigizaji. Mimi nilijua tu kwamba watoto wanakuja. Nilipofika mkunjo wa tatu mikono ilipunguza mwendo yenyewe, nikawa nalainisha upindo ambao tayari ulikuwa umenyooka.

Bibi sijamwambia hadi leo.