Kichwa kirefu, nafasi finyu
Jamani, leo nimepanga bango lenye kichwa kirefu ajabu. Fonti ya kawaida iligoma: ama maneno yavunjike mistari mitatu, ama niyapunguze hadi yasisomeke kwa mbali. Nikahamia Oswald, fonti yenye herufi nyembamba, kichwa kizima kikakaa mstari mmoja, tena kwa kimo kilekile.

Nawaomba tu msichukue fonti pana mkaibana pembeni kwa kipanya. Itazameni O yake: mbavu mbili zinakonda, juu na chini panabaki na unene wa zamani, basi herufi inaonekana imeminywa mlangoni. Msanifu anayeichora nyembamba tangu mwanzo husawazisha unene huo, na mbavu za O huzinyoosha wima badala ya kuziacha za mviringo. Ndiyo maana Alternate Gothic, fonti nyembamba aliyoichora Morris Fuller Benton mwaka 1903, haijazeeka. League Gothic ya siku hizi imetokana nayo. Impact ya Geoffrey Lee (1965) nayo ni ya ukoo huo, ingawa vichekesho vya mtandaoni vimenifanya niichoke kabisa.

Kwa aya ndefu, fonti nyembamba hapana. Ukiishusha hadi ukubwa wa pointi 9, uwazi ulio ndani ya e na a unaziba na macho yanachoka mapema. Vichwa, lebo, majedwali yenye safu nyingi, hapo sawa. Na mkiandika kwa herufi kubwa tupu, ongezeni nafasi kidogo kati ya herufi, hasa I zikifuatana na L au H.