Kiti cha Hawe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilikuwa nimeandaa tafakari ya Zaburi ya 23 kwa juma hili, lakini kila nilipofungua daftari nilikiona kiti. Ni kiti cha plastiki cha rangi ya buluu, mkono wake wa kushoto umekatika na kufungwa kwa waya, na kwa miaka mingi kimekuwa mahali pa bibi mmoja wa kanisa letu ambaye vijana kwa wazee tunamwita Hawe, kama Wagiriama wanavyomwita nyanya. Hukaa safu ya mbele, chini ya feni, kwa kuwa masikio yake yamechoka na joto la Malindi kabla ya masika halimhurumii mtu wa umri wake. Jumapili iliyopita nilimwinua katika kiti hicho. Nilimwinua mimi mwenyewe, mzee wa kanisa, nikamshika kiwiko na kumwambia kwa ule upole wa uongo ambao sisi viongozi tumeuzoea, "Hawe, twende huku nyuma kuna upepo." Upepo gani? Nyuma kuna benchi la mlangoni, na ikifika saa nne asubuhi jua huwa limeshampanda mtu hadi magotini.

Sababu ilikuwa mheshimiwa mmoja, ambaye simtaji jina, maana dhambi ninayoiungama hapa si yake. Alifika katikati ya maombi, na magari matatu na watu wa kumbebea maji, na sisi tukalikatiza ombi ili tumkaribishe. Safu ya mbele iliondolewa yote, kiti cha waya kikafichwa nyuma ya stoo, vikaja viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Mmoja wa wasaidizi wake alikuwa na bendera ndogo ya taifa yenye kigingi cha mbao, akaisimamisha juu ya meza ya Bwana, pale pale tunapoweka mkate na kikombe. Ilikuwa imeinama kidogo. Wapendwa, mimi ndiye niliyenyoosha mkono nikaiweka sawa.

Baadaye mgeni wetu alishika kipaza sauti, akasema kwamba Kenya ni nchi ya Kikristo, kwamba uongozi huchaguliwa na Mungu kabla watu hawajapiga kura, na kwamba anayewapinga viongozi anapingana na Warumi 13. Tukasema amina. Akatoa bahasha ya shilingi 200,000 kwa ajili ya mabati, tukasema amina yenye sauti zaidi. Kisha tukaambiwa tumnyoshee mikono na kumtabiria ushindi wa 2027, nasi tukanyosha, nami nikiwa wa kwanza.

Yakobo anaandika katika sura ya pili kana kwamba alikuwa ameketi kwenye lile benchi la mlangoni. Anamtaja mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri akiingia katika kusanyiko, na maskini akiingia nyuma yake, na anayataja maneno ya mkaribishaji: huyu anaambiwa, "Keti wewe hapa mahali pazuri," na yule anaambiwa, "Simama wewe pale, au keti miguuni pangu." Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na kila mara nilidhani inahusu tabia ya kupenda matajiri, jambo la adabu mbaya tu, la kukemewa na kuachwa. Juma hili nimeona kwamba inahusu nani anayetawala ndani ya nyumba ya Mungu. Kanisa linapopanga viti linatangaza ni ufalme gani unaoabudiwa humo, hata kabla mhubiri hajafungua kinywa. Jumapili ile mahubiri yetu yalikwisha pale nilipokishika kile kiwiko.

Jambo la pili lililonichoma lilitoka kwa jirani yangu, fundi wa cherehani, Mwislamu, ambaye kibaraza chake kinatazamana na kanisa letu. Jumatatu nilimpelekea suruali ipunguzwe kiuno. Aliipima, akaweka alama ya chaki, halafu akaniuliza bila kuinua macho, "Jirani, jana nimesikia kwa spika kwamba hii ni nchi yenu. Sisi tuhamie wapi?" Alicheka kidogo ili nisione haya, na huko kucheka ndiko kulikonimaliza. Huyu ni mtu ambaye mababu zake waliswali katika mji huu kabla ya neno Kenya kuwapo. Alipofiwa na mama yake nilikaa matangani kwake, na nilipougua alinitumia uji kwa muda wa siku tisa. Mimi nimehubiri kwamba tunatamani ajue upendo wa Kristo, halafu kwa kipaza sauti nikasema amina kwa maneno yanayomfanya mpangaji katika mji wake.

Nilirudi nyumbani kupitia ufuoni, nikaenda hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Ninyi mnaoishi hapa mmezoea kuipita, watoto wetu hupigia picha pale na kununua mabuyu, lakini itazameni tena. Juu kabisa kuna msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno, na kwenye msalaba huo imechongwa nembo ya mfalme wa Ureno. Wareno walifika hapa Aprili 1498, wakapokewa vizuri na sultani wa Malindi, wakapewa rubani wa kuwavusha hadi India. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, meli za taifa hilo hilo, zikiwa chini ya bendera za msalaba, ziliipiga Mombasa, wakaipora na kuichoma moto. Kwa zaidi ya miaka mia tano watu wa pwani hii wameuona msalaba ukiwa na nembo ya mfalme juu yake, kisha sisi tunashangaa kwa nini jirani anasikia jina la Yesu na moyo wake unafunga mlango. Nembo ile haikuwekwa juu ya msalaba na maadui wa imani. Waliiweka watu waliokuwa wakisali kila siku, wenye makasisi melini, walioamini kwa dhati kwamba kumtumikia mfalme wao na kumtumikia Kristo ni kazi moja. Nilisimama pale nikaikumbuka ile bendera iliyokuwa imeinama, na vidole vyangu vikiinyosha.

Mtu asije akasema kwamba ninawafundisha kuichukia nchi yenu. Nabii Yeremia aliwaandikia mateka wautakie amani mji waliopelekwa na kuuombea kwa Bwana, na Paulo alimwagiza Timotheo kwamba dua zifanyike kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka. Mimi huupenda wimbo wetu wa taifa kuliko nyimbo nyingi za kanisani, na nimewahi kutokwa na machozi nikiuimba. Muziki wake, kama mjuavyo, ulitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa ndugu zetu Wapokomo wa Mto Tana, si mbali na hapa, na maneno yake ya kwanza ni dua kwa Mungu. Ni dua ambayo mimi na fundi wangu tunaweza kuisimamia bega kwa bega. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 8, inasema kwa maneno machache kwamba hakutakuwa na dini ya serikali. Nakiri kwamba mwaka ule nilikuwa miongoni mwa waliotumia madhabahu kuipiga vita katiba hiyo, hasa kwa sababu ya mahakama za kadhi, ambazo hapa pwani zilikuwapo tangu zamani na hazikuwahi kunizuia kumwabudu Mungu hata siku moja.

Wengine wetu tumejifunza lugha hii mpya kutoka mbali. Video za wahubiri wa Marekani hutufikia kwenye simu kila asubuhi, nasi tunadhani kila kinachotoka kule kimeiva. Tarehe 6 Januari 2021 watu waliovunja milango ya Bunge la Marekani walikuwa na misalaba na mabango yenye jina la Yesu, na baadhi yao waliomba ndani ya ukumbi wa Seneti, wakimshukuru Mungu kwa lile walilokuwa wakilifanya. Waliomba kwa jina lile lile tunalolitumia sisi.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali, wala ya kufundishwa na wageni namna ya kusimama. Kanisa la nchi hii liliwahi kuwa na sauti. Kura za mlolongo, yaani za watu kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wao, zilipotumika mwaka 1988, maaskofu wa Anglikana Henry Okullu na David Gitari walisema mbele ya watu kwamba ule si uchaguzi wa haki. Mwenzao Askofu Alexander Muge alionywa hadharani na waziri mmoja asikanyage Busia, naye alikwenda, akafa katika ajali ya barabarani akirudi, Agosti 1990. Juzi tu, Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi aliagiza mchango uliotolewa na Rais katika kanisa moja urudishwe. Sisi waliookoka tulikuwa tukiwacheka watu wa madhehebu makongwe kwamba wana dini bila moto. Wao waliagiza fedha zirudishwe, na sisi tulinyosha mikono.

Ndugu zangu wachungaji, mnisamehe, lakini leo nasema na ninyi, na ninasema nikiwa nimesimama upande wa wakosaji. Mmesoma 1 Wafalme 22. Mfalme Ahabu alikuwa na manabii mia nne, na wote walikuwa na neno moja: kwea vitani, utashinda. Sedekia alijitengenezea hata pembe za chuma ili unabii wake uonekane vizuri, na hakika angekuwepo leo angekuwa na jukwaa na taa. Mjumbe aliyetumwa kumwita Mikaya alimshauri kama rafiki, neno lako na liwe kama la wenzako, na Mikaya akajibu, "Kama Bwana aishivyo, neno lile Bwana aniambialo, ndilo nitakalolinena." Akapigwa kofi shavuni na kutiwa gerezani, apewe chakula cha shida na maji ya shida. Angalieni kwamba Ahabu hakuwa amekosa maombi, kwa kuwa watumishi mia nne walikuwa wakimwombea, na hakuna hata mmoja wao aliyemwokoa na ule mshale uliomwua vitani. Kama tungempenda yule mheshimiwa aliyekuja kwetu, tungemwambia juu ya barabara isiyopitika na dawa ambazo hazipo zahanati, na juu ya vijana walioandamana Juni 2024 ambao wengine wao hawakurudi nyumbani. Tungemweka chini ya Neno kama tunavyowekwa sisi, kwa nafsi yake. Badala yake tulimpa kile ambacho tayari anacho kwa wingi, yaani watu wa kumwambia amina.

Na sisi wa Malindi, kuliko watu wengine wote, tunapaswa kuiogopa amina isiyopimwa. Mwaka 2023 miili zaidi ya mia nne ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ikaletwa katika mji huu huu. Najua kwamba mambo yale ni tofauti na harambee ya mabati, wala siyalinganishi. Ninachosema ni kwamba hakuna anayefika msituni kwa siku moja. Mtu hufundishwa kidogo kidogo kutouliza, akiambiwa kwamba kumwuliza mtumishi ni kumwuliza Mungu, na mafundisho hayo hayo ndiyo yanayotumika anapoletwa mheshimiwa ambaye kumpinga ni kumpinga Mungu. Tufundisheni kuuliza, wachungaji. Waberoya waliyachunguza maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo mwenyewe yalikuwa kweli, na wakaitwa waungwana kwa sababu hiyo.

Kuhusu zile fedha, baraza la wazee litakutana, na sitalisemea kabla halijakaa. Msimamo wangu nimeuandika katika barua na wote wanaufahamu. Mabati ya zamani yanavuja sehemu mbili, moja iko juu ya kinanda, na tumeishi na ndoo pale tangu masika ya mwaka juzi.

Alhamisi jioni nilikwenda Muyeye, nyumbani kwa Hawe. Nilimkuta ameketi juu ya mkeka uani akisuka makuti, na mikono yake haikusimama hata nilipomwamkia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, kwamba tulikosa, kwamba kiti chake kimerudishwa mahali pake na nimekifunga waya mpya. Alinisikiliza mpaka mwisho, au labda hakusikia yote.

"Kiti ni kiti, mwanangu," akasema. "Lakini ulipokuja kunishika nilikuwa naomba. Nilikuwa nawataja wajukuu wangu mmoja mmoja, wewe ukanikata. Nilikuwa nimefika kwa wa tatu, yule wa Mtwapa, halafu huko mlangoni kelele zikanizidi, sikuwamaliza."

Nikamwuliza wamebaki wangapi. Akasema watano. Nikavua viatu, nikaketi pembeni mwa mkeka, tukaanzia kwa yule wa Mtwapa.