Sahani ya pili

Kuna filamu ya Kifini ya mwaka 2023 iitwayo Kuolleet lehdet, maana yake majani yaliyokufa. Ndani yake mwanamke mmoja, Ansa, amemwalika mwanamume kuja kula kwake. Kabla mgeni hajafika anapita dukani, ananunua sahani moja, kisu kimoja na uma mmoja, anarudi nyumbani. Haelezi kitu. Wewe mtazamaji unakaa kidogo, halafu linakupata: mama mzima huyu, ana nyumba yake na funguo zake, hakuwa na sahani ya pili.

Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, koti mapajani, na machozi yakanitoka. Kwangu pia, hapa mtaa wa Kallio, Helsinki, kabatini kulikuwa na sahani moja. Nyeupe, ina ukingo wa bluu, niliinunua soko la mitumba wiki ya kwanza nilipofika Ufini, na sikuona haja ya kuongeza nyingine. Nilikuwa naingia mwaka wa tatu.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu Ngamiani wali unapakuliwa kwenye sinia, watu wanazunguka, na anayepita barazani anaitwa: "Karibu tule." Hata kama ameshiba, atanawa mikono amege tonge moja kulinda heshima ya walioita. Sikumbuki nyumbani tulikuwa na sahani ngapi, maana hakuna aliyewahi kuzihesabu. Ziliazimwa, zikaenda arusini na misibani, na nyingine zilirudi zikiwa na alama ya rangi ya kucha chini yake, tukajua hii si yetu, ni ya mama wa nyumba ya tatu, na yetu iko kwake. Sahani moja ndani ya nyumba ni kitu ambacho hakikuwahi kuniingia akilini, mpaka nikawa nayo.

Filamu yenyewe ni ya Aki Kaurismäki, mtu ambaye kabla ya sinema aliwahi kuosha vyombo na kusambaza barua. Ilipata Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka huo. Inakwenda dakika 81 tu. Ansa anafanya kazi dukani kwa mkataba wa saa sifuri, usiomhakikishia zamu hata moja, na anafukuzwa kwa sababu mkobani mwake kumekutwa chakula kilichopitwa na tarehe, chakula cha kutupwa. Mwanamume, Holappa, ni fundi wa vyuma na anakunywa. Wanaonana mara ya kwanza kwenye baa ya karaoke, wanatazamana, basi.

Mkataba huo wa saa sifuri naujua. Mwajiri wangu wa kwanza hapa alikuwa anatuma zamu kwa ujumbe wa simu jioni, kwa kazi ya kesho yake alfajiri. Wiki nyingine hakutuma kitu. Nilikaa na simu mkononi kama anayengoja habari za mgonjwa, na kodi ya nyumba ikizidi kukaribia. Kwa hiyo nilipomwona Ansa amekaa mezani na bili ya umeme, sikuhitaji kusimuliwa zaidi.

Lakini kilichonishika kuliko yote ni lugha. Yeyote aliyesoma Kifini ukubwani anajua ninachokisema. Darasani unafundishwa minä olen, "mimi ni", unaishika vizuri, unatoka nje unakuta watu wote wanasema mä oon. Muuza duka, dereva wa basi, watoto wa chekechea. Ni kama mgeni aliyefundishwa Kiswahili sanifu miezi sita, halafu akashushwa Kariakoo saa sita mchana. Sasa kwenye filamu za Kaurismäki watu wanaongea Kifini cha kitabuni. Fundi amelewa, yuko kaunta ya baa, na bado kila silabi iko mahali pake, polepole, kisha ananyamaza. Wafini wanautambua huo kama mtindo wake. Mimi niliupokea kama hisani. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa gizani na Wafini mia na kitu, nikaelewa walichoelewa wao, nikanyamaza waliponyamaza.

Na kunyamaza kwenyewe! Miaka miwili nilikuwa nimekuchukua kama dharau. Unapanda lifti na jirani, unasema päivää, anatikisa kichwa, mnatazama mlango. Kwetu salamu ni safari: habari za asubuhi, za nyumbani, watoto, mama anaendeleaje na mguu, haya tumshukuru Mungu. Hapa karibu nusu ya nyumba zina mtu mmoja ndani, na katikati ya Desemba jua la Helsinki linaonekana kwa muda usiofika saa sita kwa siku. Mtu ukija na masikio ya Tanga, kimya hicho kinaingia mwilini kama baridi ya sakafuni.

Filamu ilinionyesha kimya kilekile kikiwa kimebeba kitu. Ansa anampa Holappa namba yake ya simu kwenye karatasi. Jina hakutaja. Mwanamume anatoa sigara mfukoni, karatasi inadondoka, upepo unaondoka nayo, yeye hajaona. Hana jina, hana namba, hana anwani. Anachokijua ni jumba la sinema walilokwenda pamoja. Basi anarudi pale, anasimama nje, siku baada ya siku. Ansa anapita jioni moja, hamkuti. Anatazama chini: vipisi vya sigara vimetapakaa pale pale mlangoni. Ndiyo yote. Hakuna ujumbe wala maua, ila anajua kwamba kuna mtu alisimama hapa muda mrefu akimngoja. Nimeona mabusu mengi kwenye sinema, na hakuna lililonigusa kama vile vipisi.

Na filamu haifichi dunia. Redio ya kizamani ya Ansa kila ikiwashwa inasoma habari za vita vya Ukraine, na Ufini inapakana na Urusi kwa zaidi ya kilomita 1,300, kwa hiyo habari hizo hapa si za mbali. Ansa anasikiliza, anazima, anakaa. Nami ndivyo nilivyo na jumbe za sauti kutoka nyumbani: nani kalazwa, nani katutoka, ada ya mtoto wa fulani. Nasikiliza yote, naweka simu kifudifudi, nasimama dirishani. Kumwona mtu mwingine akifanya vilevile, bila kuambiwa ni mnyonge na bila kupewa ushauri, kulinipumzisha.

Baada ya hapo nikaanza kuzitafuta filamu za namna hiyo. Za Kaurismäki za zamani kwanza, nyingine nikizikuta Kino Regina, sinema iliyo ndani ya maktaba kuu ya Oodi. Ile ya 1986 ya mzoa taka na keshia wa dukani naiweka karibu sawa na hii ya majani. Ile ya 2017, ya kijana wa Aleppo anayeingia Helsinki amejificha kwenye meli ya makaa ya mawe, ni nzuri lakini nilitoka nayo kifua kizito. Si ya kutazama usiku kabla ya zamu.

Perfect Days ya Wim Wenders nayo ilitoka mwaka huohuo wa 2023. Hiyo naizungumza kama mtu wa kazi. Hirayama anasafisha vyoo vya umma vya Shibuya, Tokyo, na Kōji Yakusho aliyeigiza alipewa tuzo ya mwigizaji bora Cannes. Watu wengi wanataja miti na kaseti zake. Mimi niliangalia mikono. Ana kioo kidogo anachokiingiza chini ya sinki aone pasipoonekana. Ninapiga deki na kufuta vioo vya maofisi miaka yote hii, na sikuwahi kuona filamu inayomwangalia msafishaji kwa adabu kiasi hicho, bila kumwonea huruma. Kisha kuna karatasi. Anaikuta imechomekwa ufa wa chooni, mtu amechora mchezo wa duara na msalaba. Yeye anaweka alama yake, anairudisha. Kesho yake imejibiwa. Wanacheza hivyo siku kadhaa, hawaonani kabisa.

The Lunchbox ya Ritesh Batra, ya mwaka 2013, nilitumiwa na dada. Dada yangu yuko Muscat, anafanya kazi za nyumbani, na filamu za Kihindi amezirithi kwa mama. Tulitazama pamoja, yeye kwake, mimi kwangu, simu zikiwa wazi: "Umefika wapi? Simamisha, nipate kukufikia." Mke wa Mumbai, jina lake Ila, anampikia mumewe chakula cha kazini, vyombo vya ghorofa vya chakula hicho vinapelekwa kwa mtu asiye mwenyewe, mjane wa kiume anayekaribia kustaafu, na wanaanza kuandikiana barua fupi ndani ya vyombo hivyo. Marehemu Irrfan Khan ndiye yule mzee. Namna anavyofungua mfuniko na kunusa kabla ya kula, ungedhani anasoma barua tayari. Ila aliyenichukua moyo ni shangazi wa ghorofa ya juu. Haonekani hata mara moja. Ni sauti tu inayopita dirishani ikimwelekeza Ila viungo, na kikapu kinachoshushwa kwa kamba.

"Huyo shangazi ni wewe," nilimwambia dada.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Basi mdogo wangu, nami leo sina wa kupikia zaidi yako."

Sasa nirudi kwenye sahani. Kazini kuna mama wa Kifini, ana miaka sitini na kitu, tunasafisha naye ghorofa mbili za ofisi kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Saa moja na nusu tunakaa dakika kumi na tano kwenye chumba cha wafanyakazi. Muda wote huo nilikuwa nimeamini hanipendi, maana hasemi. Baada ya filamu ya vipisi vya sigara nilianza kuangalia upya. Kila asubuhi anamimina kahawa kwenye kikombe chake, kisha anajaza kifuniko cha chupa, anakisogeza upande wangu bila kuniangalia. Amekuwa akifanya hivyo tangu wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa nakunywa tu.

Nikamwalika Jumapili. Alifikiri kidogo, akauliza saa ngapi. Jumamosi nilikwenda soko lilelile la mitumba, nikapata sahani nyeupe. Ukingo wake ni wa kijani, haifanani na ya kwanza.

Dada alikuwa hewani tangu asubuhi. "Vitunguu viive mpaka viwe rangi ya kahawia, usiogope. Umeitwanga iliki? Usiitwange yote, nyingine iache na maganda." Pilau ikanukia mpaka ngazini. Saa nane kamili kengele ikalia. Akavua viatu mlangoni kama mtu wa kwetu, akanipa soksi za sufu alizofuma mwenyewe, akaketi.

Akala. Sikusikia neno. Kwetu mgeni akinyamaza mezani unajiuliza umemkosea nini, na ulimi wangu uliwashwa kutaka kuuliza kama chumvi imezidi. Nikajizuia. Akamaliza, akasogeza sahani yake kwenye sufuria, nikampakulia tena. Kisha akaokota punje ya iliki pembezoni mwa sahani, akaifinya kwa kucha, akainusa.

"Kardemumma," akasema.

Wafini wanaitia iliki kwenye pulla, mikate yao mitamu. Akaanza kunieleza kuhusu mama yake, kijijini, Jumamosi, unga uliofunikwa kitambaa karibu na jiko la kuni, na watoto wakigombea nani atwange iliki. Aliongea kwa mä na sä, Kifini cha mtaani, na nusu yake ilinipita. Aliendelea tu, ile punje bado iko kati ya vidole.

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Dada akanong'ona kutoka Muscat: "Anasema nini?"

Nikamwambia asubiri, bado anaongea.