Jumapili kwenye ziwa Meech

Mpwa wangu alishangaa mtu atoke Tanga mpaka Ottawa, halafu aombe kupelekwa kwenye nyumba ambayo katiba ya Kanada ilianzia kukwama. "Mjomba, watu huja kuangalia majani," aliniambia. Nikamjibu majani nayo tutayaona, njia si ni hiyo hiyo?

Tuliyaona kweli. Ilikuwa Oktoba, milima ya Gatineau imeiva rangi ya mawese, na magari yamepangana kama tunaenda arusini. Tulipovuka mto kuingia Quebec, jimbo la wasema Kifaransa, Kiingereza kikakatika ghafla. Hata kibao cha kusimamisha magari kimeandikwa ARRÊT. Ufaransa kwenyewe huandika STOP! Nikaanza kuelewa watu hawa walikuwa wanadai nini.

Mwaka 1982 Kanada ilipokata kamba ya mwisho iliyoifunga katiba yake kwa Bunge la Uingereza, serikali ya Quebec haikuridhia. Miaka 5 baadaye, tarehe 30 Aprili 1987, Waziri Mkuu Brian Mulroney aliwaita viongozi wa majimbo yote 10 hapa ziwani. Robert Bourassa wa Quebec alikuja na masharti matano. Lililozua kelele zaidi ni kwamba Quebec itajwe katika katiba kuwa jamii ya kipekee. Wakaafikiana, na mwezi Juni maandishi kamili yakawa tayari.

Nyumba yenyewe hatukuingia. Tuliichungulia kati ya miti, maji yametulia chini yake, tukaendelea kwa miguu hadi kwenye magofu ya kiwanda cha mbolea cha Willson, mvumbuzi aliyeijenga nyumba ile. Tukakaa pale kwenye mawe tukila maandazi ya dada.

"Kwa hiyo kilichoharibu ni nini?" mpwa akauliza.

Muda, nikamwambia. Yalihitajika mabunge yote 10 ya majimbo yaidhinishe makubaliano hayo ndani ya miaka 3. Miaka 3 inatosha kabisa kubadilisha serikali, na ndivyo ilivyokuwa New Brunswick, Manitoba na Newfoundland. Waliokuja hawakuona kwa nini wafungwe na saini za waliotoka. Mpaka Juni 1990 Manitoba ilikuwa bado, na siku zinahesabika. Ili mjadala uanze bila kungoja taarifa ya kawaida, kila mbunge alipaswa kuridhia...

"Ah, yule wa unyoya!" akanikatiza. Mulroney hamjui vizuri, lakini Elijah Harper alifundishwa shuleni. Mbunge wa Manitoba, mwenyeji wa asili wa kabila la Oji-Cree kutoka Red Sucker Lake, ameshika unyoya wa tai, kila akiulizwa anajibu hapana. Wenyeji wa asili hawakuwa wameshirikishwa. Kule Newfoundland, kiongozi wa jimbo Clyde Wells naye hakuyapeleka makubaliano kwenye kura ya mwisho. Tarehe 23 Juni muda ukaisha.

Wapo wanaosema Harper ndiye aliyeyaua makubaliano. Mimi sikubali. Wanaume 11 walikaa mezani kugawana madaraka ya nchi, wenye nchi hawakualikwa. Ukisahau kumwalika mwenye nyumba, usishangae mlango ukifungwa. Walijaribu tena mwaka 1992, mara hii kwa kura ya maoni, wananchi wakakataa. Mwaka 1995 Quebec ikapiga kura ya kujitenga, waliotaka kubaki wakashinda kwa asilimia 50.58. Nchi iliponea chupuchupu.

Wakati wa kurudi garini nikamwambia jambo lililokuwa linanikereketa tangu asubuhi: kura yetu ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa nayo ilipangiwa 30 Aprili, mwaka 2015.

"Ikakataliwa?"

"Haikupigwa. Iliahirishwa."

"Mpaka lini, mjomba?"

Nikamwomba tukifika Chelsea, mji mdogo ulio njiani, asimame tutafute chai.