Vitamini D na mzio wangu wa pua

Nilipimwa vitamini D kwa sababu ya uchovu na mifupa kuuma. Pua haikuwamo kwenye mazungumzo. Majibu yalionyesha nanogramu 14 kwa mililita ya damu. Chini ya 20 huhesabiwa kuwa upungufu, kwa hiyo daktari akaniandikia vidonge vya D3. Hapo ndipo nikamuuliza: na huu mzio wa utitiri wa vumbi (vijidudu vidogo mno vinavyoishi kwenye vumbi la nyumbani), unaonipigisha chafya mwaka mzima, nao utatulia?

Alinijibu kwa tahadhari. Chembe nyingi za kinga zina vipokezi vya vitamini D, na kwenye maabara imeonekana kwamba vitamini hiyo huzipoza zisichachamae ovyo. Mzio wa pua ni kuchachamaa huko huko: kingamwili za IgE hushika kitu kisicho na madhara, histamini, kemikali ya mwili inayoleta dalili za mzio, ikamwagika, pua ikawasha, ikatiririka, ikaziba. Hoja ina mantiki. Kwa wagonjwa wenyewe mambo hayajanyooka: tafiti nyingine zimekuta wenye mzio wana kiwango cha chini, nyingine hazikuona tofauti. Tena anayekimbia chavua hujifungia ndani, na huko ndani hapati jua la kutengeneza vitamini hiyo kwenye ngozi. Sasa kipi kimeleta kingine?

Tukakubaliana nisiache dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ile inayotuliza uvimbe, wala nisibadilishe kingine chochote mpaka damu ipimwe tena. Kila jioni niliandika alama kwenye daftari, 0 hadi 3, kwa mambo manne: kuziba, kutiririka, kuwasha na chafya. Kazi hiyo inachosha, lakini bila daftari mtu akipata wiki moja nzuri hutangaza amepona.

Kipimo cha pili kilivuka 30. Uchovu ulipungua waziwazi. Pua ikabaki imeziba vilevile. Chafya zilipungua, ila kidogo mno kiasi kwamba sithubutu kuvipa vidonge sifa. Alama zilishuka kweli baadaye, nilipoanza kufua mashuka kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, joto linaloua utitiri, na kulivisha godoro kitambaa ambacho utitiri haupenyi.

Wapo walionishauri niongeze dozi maradufu. Nilikataa. Vitamini D haitoki upesi na mkojo kama vitamini C. Hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili, na ikizidi sana hupandisha kalsiamu kwenye damu, mtu akapata kichefuchefu, kiu isiyokatika, hata mawe kwenye figo. Mtu mzima anahitaji IU (vipimo vya kimataifa vya vitamini) 600 hivi kwa siku, na bila uangalizi wa daktari asivuke 4,000. Siku hizi nameza 800 pamoja na chakula chenye mafuta, kwa ajili ya mifupa zaidi kuliko pua, na dawa ya kupuliza naitumia kila asubuhi kama zamani.